Maelezo ya Programu Madarasani Kitale na Bungoma

Maelezo ya programu, yaani maneno yanayoingizwa kati ya amri ili yasomwe na binadamu huku kompyuta ikiyapuuza, yana umri mkubwa kuliko Chuo Kikuu cha Kibabii cha Bungoma, kilichopata hati yake mwaka 2015, au politekniki ya taifa ya Kitale, iliyokuwa chuo cha ufundi kabla ya kupandishwa hadhi. Katika FORTRAN ya mwaka 1957 yalitambulishwa kwa herufi C katika safu ya kwanza ya kadi. BASIC ya mwaka 1964 ikatumia neno REM, na Pascal, lugha ambayo Niklaus Wirth aliibuni kwa ajili ya kufundishia na ambayo wanafunzi wengi wa sekondari nchini Kenya walianza nayo, ikayafunga kwa mabano ya mawimbi.

Lakini mazoea ya kurudia amri kwa maneno katika maelezo hayo, ambayo kwa bahati mbaya wanagenzi huyashika mapema, hayamfai msomaji. Programu ya kukokotoa malipo ya mahindi, zao kuu la Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, ikigawanya uzito kwa 90, maelezo yenye thamani ni yale yanayosema kwamba gunia huhesabiwa kuwa kilo 90, kwa kuwa amri yenyewe haiwezi kuitaja sababu hiyo.