Dola Moja ya Houston: Historia Fupi ya Mashindano ya Kwanza ya Tenisi ya Wanawake wa Kulipwa

Vijana wa Riruta, hapa Nairobi, washikao raketi hivi leo huzungumza habari za tuzo za wanawake kana kwamba ni jambo lililokuwapo tangu azali. Nasi tuliokula chumvi nyingi katika mchezo huu twaona ni wajibu kuwaandikia, ijapokuwa kwa muhtasari, taarikhi ya mashindano ya Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, yaliyoufungua mlango huo mnamo Septemba 1970, na ambayo hatuwezi kuyataja bila ya kuwashukuru walioyaasisi.

Tangu mwaka 1968 tenisi ilikuwa imekwisha kuwaruhusu wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa kushindana katika uwanja mmoja, na wengi walidhani kwamba neema hiyo ingewafikia wote kwa mizani ya haki. Haikuwa hivyo. Huko Los Angeles, katika mashindano ya Pacific Southwest yaliyosimamiwa na Jack Kramer, bingwa wa wanaume aliwekewa dola 12,500 ilhali bingwa wa wanawake aliwekewa dola 1,500, na mwanamke asiyefika robo fainali alikuwa arudi kwao mikono mitupu. Wachezaji Billie Jean King, Rosie Casals na Nancy Richey hawakuridhika, wakalipeleka shauri lao kwa mtu ambaye, kwa rai yetu, anastahiki nafasi kubwa kuliko wote katika maandishi haya, naye ni Bibi Gladys Heldman.

Bibi huyu, mzaliwa wa New York mwaka 1922, alisoma taarikhi ya zama za kati chuoni, akaolewa na Julius Heldman aliyepata kuwa bingwa wa vijana wa Marekani, na raketi hakuishika kwa dhati ila baada ya kuwa mke na mama. Lakini alijitahidi mno hata akacheza Wimbledon mwaka 1954. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameanzisha jarida la World Tennis, ambalo chini ya mkono wake lilisomwa na kila mwenye mapenzi na mchezo huu, na mwaka 1962, alipoona mashindano ya Forest Hills yamepungukiwa na wageni, alishirikiana na wenzake kukodi ndege nzima ili kuwaleta wachezaji kutoka ng'ambo. Mtu wa namna hiyo akiletewa malalamiko hatoi pole na kunyamaza. Alitaka kwanza kusuluhisha, na suluhu ilipokataliwa alisema kwamba wanawake watafanya mashindano yao wenyewe, juma lile lile, katika klabu ya Houston Racquet Club. Na akina mama wapenda tenisi wa mji ule, ambao majina yao hayaandikwi sana, wakajifunga vibwebwe kutafuta fedha.

Chama cha tenisi cha Marekani kiliwatishia wachezaji kwamba atakayecheza Houston atafungiwa, yaani angenyimwa mashindano makubwa ya nchi yake na hata fahari ya kuichezea timu ya taifa. Waama lilikuwa tishio zito kwa wasichana ambao baadhi yao hawakuwa na pato jingine. Ndipo Bibi Gladys alipopata hila ya halali: tarehe 23 Septemba 1970 aliwaandikia mkataba wa kuwa wachezaji wake wa kulipwa kwa ujira wa dola moja kila mmoja, wakatoka katika mamlaka ya chama kwa kalamu tu. Walitia saini Billie Jean King, Rosie Casals, Nancy Richey, Peaches Bartkowicz, Kristy Pigeon na Valerie Ziegenfuss, pamoja na Judy Dalton na Kerry Melville wa Australia, ambao kwao hatari ilikuwa maradufu kwa kuwa walikuwa ugenini. Wa tisa alikuwa Julie, binti yake Gladys, ambaye kiwiko kilikuwa kikimuuma asiweze kushindana, lakini alitia saini vilevile ili asiwaache wenzake peke yao. Na katika picha ile mashuhuri ya noti za dola zilizoinuliwa juu, ambayo sisi hatuchoki kuitazama, ni mama mtu aliyesimama na wale wanane.

Jumla ya zawadi ilikuwa dola 7,500, sehemu yake ikitoka kwa kampuni ya sigara za Virginia Slims kwa hisani ya Joseph Cullman, rafiki wa Bibi Gladys. Fedha za tumbaku zilikuja kuzua maneno miaka ya baadaye, nasi hatuyapuuzi. Lakini siku ile hapakuwa na mwingine aliyebisha hodi. Casals alimshinda Dalton katika fainali ya seti 3 na kupokea dola 1,600, zaidi ya alizowekewa bingwa wa kike kule Los Angeles.

Mwaka 1971 mashindano yalikuwa yamekwisha kuwa msafara mzima wa miji mingi, na King akawa mwanamke wa kwanza katika tenisi kupata zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Mwaka 1973 kiliundwa chama cha wachezaji wanawake, WTA, huko London. Na Septemba, katika Houston hiyo hiyo, King alimshinda mwanamume, Bobby Riggs, mbele ya watu 30,472. Mwaka huo pia palitokea kutoelewana na chama cha Marekani, na mapatano yalipopatikana Bibi Gladys alikaa kando na msafara aliouanzisha. Heshima yake ilibaki, na mwaka 1979 aliingizwa katika ukumbi wa mashujaa wa tenisi.

Ya baadaye ya mashindano ya Houston tutayataja kwa ufupi, kwa kuwahesabu mabingwa wake. Mwaka 1987 Chris Evert alimshinda Martina Navratilova katika fainali. 1989 Monica Seles, mwenye miaka 15, alimshinda Evert na kupata taji lake la kwanza. 1990 Katerina Maleeva. 1991 na 1992 Seles tena, mara hiyo ya pili akimshinda Zina Garrison, binti wa Houston aliyelelewa kimchezo katika bustani ya umma na mwalimu John Wilkerson. 1993 Conchita Martínez. 1994 Sabine Hack. 1995 Steffi Graf, na hapo mashindano yakakoma. Gladys Heldman alifariki mwaka 2003. Wale tisa waliingizwa katika ukumbi wa mashujaa mwaka 2021, kundi la kwanza kupewa hidaya hiyo kwa pamoja.

Mlango uliofunguliwa Houston umetufikia hata sisi: kombe la mataifa la wanawake linaitwa kwa jina la Billie Jean King tangu 2020, na Juni 2023 mechi zake za kundi la tatu la Afrika zilichezwa hapa Nairobi. Mchezaji wetu Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake huko Loresho, alikuwa amekwisha kutwaa taji la wasichana la wachezaji wawili wawili kule Wimbledon mwaka 2022, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Na Machi 2024, katika Michezo ya Afrika mjini Accra, aliiletea Kenya nishani ya dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja.