Nasaba ya Kiazi cha Njombe

Msafiri apandaye kutoka Makambako kwenda Njombe, akipita mabonde ya Wabena yenye ukungu na baridi, huona matuta ya viazi mviringo yakienea hata ukingoni mwa misitu ya miwati, na kwa jinsi zao hilo lilivyokwisha kuingia katika chungu na katika karo za watoto, ni taabu kumsadikisha mtu kwamba mababu wa wakulima hawa hawakulijua.

Riwaya iliyoenea yasema viazi vililetwa na Wajerumani. Wamisionari wa Berlin walifika Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, na mboga za bustani zao aghalabu hazikuandikiwa tarikh. Waraka ukikosekana, shahidi aliyesalia ni kiazi chenyewe, ambacho huchukua nasaba yake ndani ya kila chembe ya mwili wake.

Mwaka 2005 mtafiti David Spooner na wenzake, baada ya kulinganisha vinasaba vya mamia ya viazi, vya mwituni na vya shambani, walibainisha kwamba viazi vyote vilimwavyo vina chimbuko moja, kusini mwa Peru. Miaka mitatu baadaye yeye na mtafiti mwenzake Mercedes Ames walitoa vinasaba katika majani makavu yaliyohifadhiwa tangu karne ya 18, na hapo ndipo ilipopinduka itikadi ya wataalamu wengi, waliodhani kwamba, kati ya koo mbili zilizotokana na chimbuko hilo, kiazi cha Chile kiliingia Ulaya baada ya baa la ukungu la mwaka 1845 kuangamiza kile cha milima ya Andes. Majani yalishuhudia kwamba cha Chile kilikuwako Ulaya tangu 1811, na cha Andes kilidumu hata 1892, mwaka mmoja baada ya wamisionari kuingia nyanda hizo. Kwa hiyo mbegu zilizopandishwa milimani enzi zile zaweza kuwa za ukoo wowote kati ya hizo mbili, au za mchanganyiko wake. Wala tofauti hii si ndogo: kiazi cha Andes hungoja mchana mfupi ndipo kizae, ilhali cha Chile kimezoea mchana mrefu, na Njombe, karibu na nyuzi 9 kusini ya Ikweta, mchana haupungui wala hauzidi sana saa 12.

Baadaye Peru ilitufikia kwa njia ya pili. Kikondo, mbegu ipendwayo mno Njombe, asili yake ni hazina ya Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoasisiwa Lima mwaka 1971, nayo ilisambazwa na watafiti wa Uyole, Mbeya.

Lakini Makambako, inapokutana barabara kuu na reli ya TAZARA, gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kiasi, hujulikana kwa jina alitajalo muuzaji, na jina si hoja. Uchunguzi wa vinasaba vya mahindi ya Tanzania uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wakulima wengi walikuwa na mbegu tofauti na waliyoitaja. Kwa kiazi hatari ni kubwa zaidi, maadamu hupandwa kwa kiazi, na mnyauko wa bakteria husafiri ndani ya mbegu iliyo nzuri machoni. Kipimo cha vinasaba vya kiazi hufichua jina la uongo, na cha vinasaba vya bakteria hufichua maradhi. Naona ni wajibu mkulima wa Njombe apate vipimo hivyo kabla ya kulipia mbegu, na aina kongwe za milimani, popote zilipo, zipimwe na kuhifadhiwa kabla Kikondo na wenzake hawajazimaliza.