Siha ya Mwanafunzi na Kipindi Kinachonyang'anywa

Katika shule zetu nyingi, visiwani na bara, elimu ya viungo ina mahali pake katika ratiba, lakini mtihani ukaribiapo ndicho kipindi cha kwanza kunyang'anywa na hesabu, kwa hoja ya kwamba kuruka na kukimbia mtoto atajifunza mwenyewe mtaani. Hoja hiyo ni dhaifu, na udhaifu wake wanazuoni waliubaini zamani: Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliusia katika kitabu chake cha Ihya kwamba mtoto atokapo chuoni aruhusiwe mchezo mwema wa kumpumzisha, kwani kumnyima mchezo na kumkalifisha masomo daima huufisha moyo wake na kuidumaza akili yake. Basi mwenye kukifuta kipindi hicho kwa kutaka alama nyingi, yamkini anaziharibu alama hizo hizo.

Kosa jingine, nami naliona kubwa zaidi, ni kudhani kwamba ghaya ya elimu hii ni kupata mabingwa. Filbert Bayi, mwanariadha wa Tanzania, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, taifa zima lilijifaharisha, na lilistahili. Lakini mashindano ya shule za msingi na za sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, huwachagua wachache waliokwisha kuwa wepesi, ilhali mhitaji hasa wa somo ni yule mzito, mwenye haya, ashikaye mkia katika kila mbio. Shirika la Afya Duniani lausia kwamba kila mwenye umri wa miaka 5 hadi 17, si hodari peke yake, apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, maadamu ni katika umri huo mifupa hujijengea sehemu kubwa ya uimara wake.

Husemwa pia kwamba vifaa hakuna. Na utazamwe mchezo wa rede: warushaji wawili wamesimama huku na huku na mpira wa matambara, na katikati mtoto ameinama akijaza mchanga katika chupa, macho yakihama kutoka kwa mrushaji huyu hadi yule, akiinuka kukwepa na kuirudia chupa yake kabla mpira haujadakwa upande wa pili. Humo mna wepesi, shabaha, ushirika na kukata shauri ghafula, kwa gharama ya matambara na kamba. Mwalimu mwenye wanafunzi 50 na mpira mmoja wa ngozi akiwapanga mstari, wengi watamaliza kipindi wakingoja zamu. Akiwagawa makundi matano ya rede, wote watatoka jasho. (Wavulana watadai kuwa huo ni mchezo wa wasichana, lakini wakitiwa katikati mara mbili hivi, hunyamaza.)

Kwa hiyo, walimu wakuu wapangao ratiba nawasihi wakiache kipindi hiki mahali pake, hata katika muhula wa mtihani.