Haiba, msimamo na utambuzi: mambo matatu yanayoongoza mwenendo wetu kazini

Katika jumuiya zetu za mashariki kazi ya Kanisa haifanyiki mimbarani peke yake. Tuna shule, vituo vya afya, hospitali, biro za maendeleo na hazina za parokia. Tangu mapatano ya mwaka 1977 kati ya serikali na makanisa, shule nyingi za nchi yetu zinaongozwa na makanisa, huku serikali ikibeba mishahara ya walimu. Kwa hiyo mchungaji au mzee wa kanisa anajikuta amekuwa mkuu wa wafanyakazi, mara nyingi bila kuandaliwa kwa kazi hiyo. Sisi tuliopita chuo cha theolojia tulifundishwa Kigiriki na namna ya kuandaa mahubiri. Namna ya kumwelewa mhasibu asiyesema na mtu, au muuguzi anayekasirika kila asubuhi, hatukufundishwa sana.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulikuwa katika kamati ya shule moja. Mwalimu mmoja alikuwa akichelewa mara tatu kwa juma. Wote tulisema ya kwamba ni mvivu. Barua ya onyo ilikuwa imekwisha kuandikwa, ikabaki kutiwa muhuri. Ndipo mama mmoja mzee wa kanisa akauliza: “Baba Mchungaji, na wengine wanaotoka upande ule wanafika saa ngapi?” Hakuna aliyejua. Tulipochunguza, tukakuta walimu wengine wawili wa upande ule nao wanachelewa siku zilezile, kwa sababu kizuizi cha barabarani hakifunguliwi mapema. Barua tuliipasua. Lakini maneno yetu yalikuwa yamekwisha kumfikia mwalimu, na mwaka uliofuata akatuacha, akaenda kufundisha mahali pengine. Tulipoteza mwalimu mzuri kwa sababu tulimwona vibaya.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wanataja mambo matatu yanayosaidia kueleza mambo kama hayo: haiba, msimamo na utambuzi.

Haiba: namna mtu alivyo

Haiba ni ile namna ya kufikiri, kuhisi na kutenda ambayo mtu huwa nayo kwa miaka mingi, leo na kesho, nyumbani na kazini. Katika seminari zetu nyingi watu wamesikia juu ya hali nne: mchangamfu, mkali, mwenye huzuni na mtulivu. Mafundisho hayo ni ya zamani sana. Yanatoka kwa waganga wa Kigiriki, hasa Galen wa karne ya 2, waliofikiri ya kwamba tabia inatokana na maji ya mwilini. Yaliingia tena katika makanisa ya Kiprotestanti kupitia kitabu cha mchungaji wa Marekani Tim LaHaye, kilichotoka mwaka 1966. Mafundisho hayo yanapendwa kwa sababu ni mepesi kukumbuka. Lakini watu hawagawanyiki katika mafungu manne tu.

Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walikusanya kutoka kamusi ya Kiingereza maneno karibu 18 000 yanayoeleza tabia za watu. Watafiti waliowafuata walipunguza orodha hiyo kidogo kidogo, hata wakafikia vipimo vitano vinavyotumiwa sana leo. Navyo ni hivi: kupenda mambo mapya, uangalifu na bidii, uchangamfu mbele ya watu, upole na ushirikiano, na wepesi wa kufadhaika. Kila mtu ana kiasi fulani cha kila kimoja, kama vile kila mtu ana urefu na uzito wake.

Mwaka 1991 Murray Barrick na Michael Mount walikusanya matokeo ya tafiti nyingi juu ya haiba na kazi. Waliona ya kwamba uangalifu na bidii ndiyo tabia inayoendana na kazi njema katika aina zote za kazi walizozitazama. Uchangamfu unasaidia hasa mahali ambapo kazi yenyewe ni kukutana na watu, kama kuuza au kuongoza. Hapa kuna somo kwetu. Mara nyingi tunamchagua mweka hazina kwa sababu anasema vizuri mbele ya watu. Mtu mkimya, anayehesabu fedha mara mbili na kuandika kila risiti, tunamwacha nyuma. Kwa kazi ya hazina, huyo mkimya angetufaa zaidi.

Hata hivyo haiba haielezi yote. Mwaka 1936 Kurt Lewin alifundisha ya kwamba mwenendo unatokana na mtu pamoja na mazingira yake. Mtulivu akikaa miezi bila kulipwa, anaweza kugeuka kuwa mtu wa kelele.

Msimamo: namna moyo unavyoelekea

Msimamo ni jinsi mtu anavyoelekea kwa kitu, kwa mtu au kwa kazi. Ndani yake mna mambo matatu: anachofikiri, anachohisi, na anachokuwa tayari kutenda. Tofauti na haiba, msimamo unaweza kubadilika upesi. Mwalimu anaweza kuwa na bidii kwa asili, na bado akachoka na shule yake. Tuwafikirie walimu tunaowaita NU, wanaofundisha kila siku bila jina lao kuwa katika orodha ya malipo. Au tuwafikirie wafanyakazi wa Goma tangu benki zilipofungwa Januari 2025. Anayenung'unika katika hali hiyo si lazima awe na moyo mbaya.

Tena, maneno ya mtu na matendo yake hayalingani kila mara. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Richard LaPiere alisafiri Marekani pamoja na mume na mke Wachina, wakati ambapo Wachina walichukiwa na wengi huko. Waliingia katika hoteli na nyumba za chakula 251, wakakataliwa mara moja tu. Baada ya miezi kadhaa aliwaandikia wenye nyumba hizo kuwauliza kama wangewapokea Wachina. Kati ya waliojibu, zaidi ya 90 kwa mia walisema hapana. Kwa hiyo tusimpime mfanyakazi kwa maneno aliyosema siku ya hasira, wala kwa ahadi alizotoa siku ya kuajiriwa. Tutazame anachofanya.

Leon Festinger aliongeza jambo lingine mwaka 1957: matendo ya mtu yakipingana na mawazo yake, mtu anapata taabu ndani, na mara nyingi anabadilisha mawazo kusudi apate raha. Anayeanza kuchukua kidogo katika dawa za kituo cha afya, mwanzoni anajihukumu. Baadaye anajiambia, “Hii ni haki yangu, kwa kuwa hawanilipi.” Ndiyo maana udhibiti wa mapema ni wema kwa mfanyakazi mwenyewe. Unamzuia kabla hajajifunza kujihesabia haki.

Utambuzi: namna tunavyowaona wengine

Utambuzi ni kazi ya akili ya kupokea mambo yanayoonekana na kuyapa maana. Hatutendi kulingana na mambo yalivyo. Tunatenda kulingana na tunavyoyaona, na macho yetu yana makosa yanayojulikana.

Kosa la kwanza ni kuacha sifa moja ifunike zote. Edward Thorndike alilieleza mwaka 1920, baada ya kuona jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima askari wao: aliyesifiwa kwa jambo moja alisifiwa karibu katika yote. Kwetu, anayeomba vizuri kwa sauti tunamdhani pia kuwa mwaminifu wa fedha.

Kosa la pili ndilo lililotuangusha katika kamati ile. Lee Ross alilipa jina mwaka 1977: mwelekeo wa kueleza kosa la mwingine kwa tabia yake, na kusahau hali inayomzunguka. Mwingine akichelewa, ni mvivu. Sisi tukichelewa, ni barabara.

Kosa la tatu ni kumweka mtu katika fungu kabla ya kumjua. Katika mashariki yetu kosa hili ni hatari kuliko yote. Tukisikia jina la mtu na mahali alipozaliwa, tunadhani tumekwisha kumjua. Kazi zake njema tunaziita bahati, na makosa yake tunayaita desturi ya watu wake. Biro ya Kanisa ikifika hapo, haina tena la kuwaambia wale wanaopigana nje.

Maswali matatu kabla ya kuhukumu

Mwaka 1967 Harold Kelley alionyesha ya kwamba, ili kujua sababu ya tendo, tunahitaji habari za aina tatu. Tunaweza kuziweka kama maswali ya kamati zetu:

1. Je, wengine walio katika hali ileile wanatenda vivyo hivyo? Kama ndiyo, tutazame hali kwanza.
2. Je, mtu huyu anatenda hivyo katika kazi zote, au katika hii moja tu? Kama ni hii moja, labda kazi hiyo haimfai, au kuna jambo ndani yake linalomzuia.
3. Je, anatenda hivyo kila mara, au ilikuwa siku moja? Jambo la siku moja halitoshi kumpa mtu jina.

Mama yule mzee hakuwahi kusoma kitabu cha Kelley. Aliuliza swali la kwanza kwa hekima yake tu, na lilitosha kutuonyesha ya kwamba tulikuwa tumekosa.

Hatusemi ya kwamba hakuna wavivu wala wezi. Wako, na kiongozi asiyewaonya anawaonea wale wanaofanya kazi vizuri. Lakini onyo litoke katika uchunguzi. Tukumbuke Paulo na Barnaba: walitengana kwa ajili ya Marko, kwa maana mmoja aliona mtu aliyewaacha safarini, na mwingine akaona mtu wa kupewa nafasi tena. Miaka ikapita, na Paulo mwenyewe akaagiza Marko aletwe, akisema anamfaa kwa kazi.

Sisi hatukupata nafasi kama hiyo kwa mwalimu wetu. Tangu siku ile, katika kamati ile, barua ya onyo haiandikwi kabla mjumbe mmoja hajamtembelea anayehusika na kumsikiliza. Tunawaalika viongozi wa parokia, shule na vituo vya afya nao wafanye hivyo.