Mchezo Uleule, Bandari Ileile

Mchezo wa video wa Grand Theft Auto V ulitolewa mwaka 2013, ukauzwa upya 2014, kisha 2022 kwa mashine mpya zaidi. Mashabiki walikasirika: walingoja toleo la sita, wakaletewa lilelile lililong'arishwa.

Mwaka huohuo wa 2013 yalitiwa saini makubaliano ya bandari ya Bagamoyo. Oktoba 2015 likawekwa jiwe la msingi. Juni 2021 ikatangazwa kwamba mradi unafufuliwa. Sisi wa Msata, njia panda ya kwenda Bagamoyo, tulishangilia kila mara.

Mchezaji aliyechoka huacha kununua. Mkulima wa pwani, asiyejua apande mnazi au asubiri tingatinga, hana duka la kurudishia ahadi. Tangazo likirudiwa, ndugu zangu, tusipige makofi kabla ya kuuliza: nini kimebadilika?