Wajumbe Waliorudi Mikono Mitupu

Leo tuzungumze juu ya Wakristo walio wachache kati ya Waarabu, hasa jirani zetu wa Sudan.

Wengi hudhani Ukristo ulifikishwa huko na Wazungu. Sivyo. Nubia, nchi iliyo kando ya mto Nile kaskazini mwa Sudan ya leo, ilipokea Injili katika karne ya 6. Majeshi ya Waarabu yalipokuja kutoka Misri mwaka 652, Wanubi waliyazuia, na mapatano yakafanywa. Makanisa yakasimama kwa mamia ya miaka. Baadaye ufalme ukadhoofika kwa ugomvi wa ndani na mashambulio ya kutoka Misri, na mwaka 1317 jumba la mfalme mjini Dongola likafanywa msikiti.

Lakini si upanga peke yake uliomaliza kanisa lile. Maaskofu wake walitoka kwa Patriarki wa Iskanderia. Walipokoma kuja, makasisi waliofariki hawakupata wa kuwarithi. Padre Mreno Francisco Álvares, aliyekaa Ethiopia tangu 1520 hadi 1526, aliandika kwamba wajumbe wa Nubia walifika kumwomba mfalme wa Ethiopia awape makasisi na watawa. Mfalme akakataa. Alisema kwamba yeye naye hupokea askofu wake kutoka Iskanderia. Atawapaje wengine kile anachopewa? Wajumbe wakarudi mikono mitupu.

Sasa tutazame siku za karibu. Mwaka 1964 serikali ya Jenerali Abboud iliwafukuza wamisionari wa kigeni kusini mwa Sudan. Je, kanisa lilikufa? Hapana. Makasisi na makatekista Wasudani waliishika kazi, na katika vita vya 1983 hadi 2005 waumini waliongezeka. Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011, Wakristo wa kaskazini walibaki wachache zaidi. Hata hivyo mwaka 2017 Waanglikana wao wakapata jimbo lao na askofu mkuu wao, Ezekiel Kondo.

Tarehe 15 Aprili 2023 vita vikazuka Khartoum kati ya jeshi la taifa na kikosi cha RSF. Wapiganaji wakaingia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakalifanya kambi. Askofu mkuu akakimbilia Port Sudan. Vita hivi si vya Waislamu na Wakristo. Wakuu wa pande zote mbili ni Waislamu, na Waislamu wengi mno wamefiwa na kufukuzwa makwao. Lakini kundi dogo likitawanyika, ni vigumu kulikusanya tena.

Ndugu msikilizaji, yatuhusu nini sisi? Wamaasai wa hapa Kajiado wana neno osotua. Asili yake ni ule mshipa wa kitovu unaomfunga mtoto na mama yake. Aliye osotua wako akija na shida ya kweli, humkopeshi. Wampa, kwa kuwa mmefungwa pamoja. Waliotafsiri Biblia kwa Kimaasai walilichukua neno hilo hilo kuwa jina la Agano. Basi Mkristo wa Khartoum ni osotua wetu.

Kitengela ni mji wa wageni. Msudani akija kuomba mahali pa kusali kwa Kiarabu, jengo letu huwa tupu Jumapili alasiri. Kijana wake akitaka kusomea ukasisi, mtaa mmoja waweza kushindwa na karo. Mitaa mitano haishindwi. Na jirani yake Mwislamu akibisha hodi kwa njaa, naye apewe.

Tusimjibu kama yule mfalme, kwamba sisi nasi hupewa. Mfalme hakusema uongo. Alichokuwa nacho kilitoka kwa mwingine. Lakini ni nani kati yetu aliye na kitu ambacho hakupewa?

Tuombe. Ee Bwana, walinde watumishi wako wa Sudan, uwainulie wachungaji kutoka kwa watoto wao wenyewe. Na wakitujia, tusiwarudishe mikono mitupu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.