Fundo lisilo na kamba

Kindu, kando ya mto Lualaba, baiskeli hubebeshwa mzigo unaozidi uzito wa mwenyewe. Anayeisukuma kutoka Kasongo hufika akilalamikia mafundo ya mabegani.

Fundo ni pale kamba inapofungwa. Kiswahili kimelihamishia mwilini: kifundo cha mguu, kifundo cha mkono, hata fundo la moyoni, yaani kinyongo.

La msuli halina kamba. Ni nyuzi chache zilizojikaza zikakataa kulegea, kwa kazi nzito au kukaa mkao mmoja kutwa. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba mkazo hubana mishipa midogo ya damu. Nyuzi hukosa nguvu, na kulegea nako kunahitaji nguvu. Wataalamu bado wanabishana.

Mkandaji naye hutumia kitenzi kilekile cha kamba: hulifungua, kwa vidole na kitambaa cha moto.